Barua ya Hataza

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alinifunga chesi kwa hatua kumi na moja siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa pili, huko Izimbya, mbele ya padri na ukoo mzima wa mume wangu. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya yote yaliyofuata, lakini nikisema haihusiki nitakuwa nadanganya.

Kufungwa hakukuniuma. Nilikuwa nimejifunza mchezo huo ukubwani, shuleni ninakofundisha, na nilijua uwezo wangu. Kilichoniuma ni kwamba kila nilipohamisha kete yeye alitaja kwa sauti jina la ule ufunguzi, na kitabu ulimoandikwa, na kosa nililofanya, kama msahihishaji wa mtihani. Mwisho aliwageukia waliokuwa wameketi na vikombe vyao vya rubisi, pombe ya ndizi, akasema kwa upole, "Huyu ndiye anayefundisha hesabu watoto wa Muleba." Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, ingawa tulipofika nyumbani alikataa.

Shemeji ni wakili. Ofisi yake iko Bakoba, mtaa mmoja wa mji wa Bukoba, chumba kimoja chenye kabati mbili za vitabu, moja ya sheria na moja ya chesi, na sijui ni ipi aliyoisoma zaidi. Baba yao alipofariki mume wangu alikuwa darasa la sita, na shemeji ndiye aliyemsomesha mpaka akawa afisa ugani wa kahawa. Kwa hiyo katika ukoo ule neno lake lilikuwa halijibiwi. Mama mkwe mwenyewe alikuwa akimsikiliza kwanza ndipo aseme lake. Mimi nilitoka familia nyingine, ya watu wanaobishana mezani, na miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa namwona shemeji kama jiwe lililowekwa katikati ya mlango.

Alikuwa pia mwenyekiti wa klabu yetu ya chesi iliyokutana Jumamosi huko Miembeni, mjini humohumo, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi. Tulikuwa watu kumi na wawili hivi. Kila mwaka kombe lilichukuliwa na yeye. Nilimwangalia akicheza na polepole nikagundua kitu ambacho wengine hawakukiona, au walikiona wakanyamaza: hakuwa anafikiri. Hatua kumi na tano za mwanzo alikuwa anazikumbuka tu. Alikuwa amekariri vitabu vile jinsi watu wanavyokariri katekisimu, na kabla mpinzani hajaanza kuelewa yuko wapi, tayari alikuwa amepoteza farasi au ngome. Baada ya hapo mtu yeyote angeweza kumalizia.

Siku moja nilisoma kwenye mtandao habari za aina ya chesi inayochezwa ughaibuni. Askari wa mbele wanakaa palepale, lakini zile kete kubwa za nyuma hupangwa kwa bahati nasibu kabla ya mchezo kuanza. Maaskofu wawili lazima wakae kwenye miraba ya rangi tofauti, mfalme lazima awe kati ya ngome zake mbili, na wachezaji wote wanapata mpangilio uleule. Mipangilio inayowezekana ni mia tisa na sitini. Hakuna anayeweza kukariri funguzi za mipangilio mia tisa na sitini. Niliposoma hivyo nilikuwa ofisi ya walimu, na mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza ninacheka nini.

Niliandika programu hiyo likizo ya Juni, kwenye chumba cha kompyuta cha shule. Nilikuwa nimejifunza kuandika programu peke yangu, kwanza kwa ajili ya ratiba ya vipindi, kisha kwa ajili ya kujumlisha alama. Hii ilikuwa ngumu zaidi. Kupanga kete hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni ile hatua ambapo mfalme na ngome husogea pamoja ili mfalme ajifiche, kwa sababu katika mipangilio mingine mfalme anakuwa tayari amekaa mahali anapotakiwa kwenda. Kwa wiki nzima ngome yangu ilimmeza farasi wa upande wake mwenyewe. Niliporekebisha hilo, mfalme akawa anatokea mara mbili. Nilifuta, nikaandika upya. Mlinzi wa shule alinizoea akawa ananiachia ufunguo. Hakuna mtu niliyemwambia kwa nini naifanya kazi ile. Kama kuna aliyeuliza nilisema ni kwa ajili ya wanafunzi. Ulikuwa uongo. Niliifanya ili nimnyang'anye mtu mmoja vitabu vyake.

Mwezi wa saba niliipeleka klabu. Ilikuwa kwenye simu yangu: unabonyeza, ubao unakuja umepangwa, mnacheza hapohapo au mnapanga kete za mbao kwa kuutazama. Wanachama waliipenda. Katibu wa klabu, mwenye lile duka, alipendekeza tuitumie Jumamosi moja moja. Shemeji alitabasamu. Alisema ni mchezo wa watoto, ila kama wenzake wanataka kujifurahisha yeye hana kinyongo. Hakuweza kukataa, maana angeonekana anaogopa. Nililijua hilo nilipokuwa napanda gari Muleba asubuhi ile.

Jumamosi ya kwanza alipangiwa fundi cherehani wa palepale Miembeni, mama mmoja mjane wa familia ya Kiislamu iliyokuja zamani kutoka pwani. Alifundishwa chesi na marehemu mumewe. Hakuwahi kusoma kitabu hata kimoja cha mchezo ule, na shemeji alikuwa akimfunga haraka kiasi kwamba mama yule alishazoea kuja na kushona vifungo akisubiri zamu nyingine. Siku hiyo simu ilipanga maaskofu pembeni, malkia karibu na pembe ya kulia na mfalme kwenye mraba wa tatu kutoka kushoto. Shemeji alitazama ubao kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitazama ubao kabla ya hatua ya kwanza. Fundi alisogeza askari mmoja, akatulia, akasogeza mwingine. Alikuwa anacheza kama anavyokata kitambaa, bila haraka na bila kurudia. Baada ya saa moja na nusu shemeji alilaza mfalme wake. Akatoa daftari la klabu, ambalo yeye kama mwenyekiti ndiye aliyelitunza, akaandika mpangilio na matokeo kwa mwandiko wake uleule wa kunyooka, akalifunga.

Jumamosi zilizofuata alishinda mara mbili na kupoteza mara tatu. Mara ya tatu alipoteza kwangu. Nilikuwa nimejiandaa cha kusema tangu Juni, na nilipoona hana pa kukimbilia nikakisema mbele ya wote: "Shemeji, leo vitabu vimebaki Bakoba." Walicheka, kama walivyocheka wale wa Izimbya. Alinitazama nami nikamtazama. Nikajua kwamba hapo nimevuka kitu, na sikujuta hata kidogo.

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Ililetwa shuleni na dereva wa gari, ndani ya bahasha ya kaki yenye muhuri wa ofisi yake, na haikuwa moja. Nakala ya pili ilikuwa ya mkuu wa shule, na nakala ya tatu ilishapelekwa kwa katibu wa klabu. Mkuu alikuwa ameisoma ya kwake kabla sijafungua yangu.

Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya mahakamani. Ilisema kwamba njia ya kucheza chesi kwa kuanza na mpangilio wa kubahatisha imelindwa kwa hataza huko nje, yaani serikali ya nchi ile imempa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wote wasiitumie bila ruhusa yake. Kwamba mimi, mtumishi wa umma, nimetumia kompyuta za serikali kutengeneza na kusambaza mali ya mtu mwingine. Kwamba nimeiweka klabu, na yeye kama mwenyekiti wake, katika hatari ya kushtakiwa. Kwamba ndani ya siku saba niifute programu kwenye simu zote na niandike barua ya kuomba radhi. Ukurasa wa kwanza wa hataza yenyewe uliambatanishwa, kwa Kiingereza, ukiwa na namba, mchoro wa ubao na muhuri.

Hakuandika popote kwamba mimi ni mke wa mdogo wake. Aliniita "mtajwa".

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu na alichukia karatasi yoyote yenye muhuri. Aliniambia hajui hataza ni nini na hataki kujua. Anachotaka ni maelezo ya maandishi. Siku ileile nilipewa barua ya kujieleza, na aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali anajua barua ile inavyokaa kwenye jalada. Nilikuwa nasubiri kupandishwa daraja. Nikaambiwa kwa mdomo kwamba jina langu litasubiri mpaka jambo hili liishe.

Niliogopa. Naandika hivyo bila kupamba. Nilikuwa nimesoma hesabu, sikusoma sheria, na mbele yangu kulikuwa na karatasi ya nchi kubwa yenye namba na mchoro unaofanana kabisa na kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Niliwaza kwamba labda kweli nimeiba bila kujua. Niliwaza juu ya watu wa huko wakinitafuta. Nikaifuta programu kwenye kompyuta za shule, nikawaandikia wanachama waifute kwenye simu zao, na mmoja mmoja wakanijibu kwamba wamefuta.

Mume wangu nilimwonyesha barua tukiwa kwenye kibanja, shamba letu la migomba, yeye anakata majani makavu ya migomba. Aliisoma amesimama, kisu kwapani. Akasema niandike tu hiyo radhi, yaishe. Nilimuuliza kama anaamini kaka yake anasema kweli. Akasema si suala la kweli, ni suala la amani. Nikamwambia kwamba amani ya ukoo wao siku zote inalipwa na mtu mmoja, na kwamba safari hii mtu huyo hatakuwa mimi. Aliendelea kukata majani. Tulikaa siku nyingi tukizungumza mambo ya watoto na chumvi tu.

Aliyenifungua macho ni fundi cherehani. Nilikuwa nimepita Miembeni kuchukua sare za mwanangu, na kwa kuwa kila mtu wa klabu alishasikia, nilimpa barua asome alipokwisha kunitafutia mfuko. Aliisoma kwa utulivu uleule anaochezea chesi. Kisha akaweka kidole chini kabisa ya kile kiambatisho.

"Mwalimu, hapa pameandikwa ukurasa wa kwanza kati ya kumi na nne," alisema. "Zile kumi na tatu ziko wapi?"

Sikuwa nimeziona zile herufi. Mimi, ambaye humkata mwanafunzi alama kwa kutosoma swali mpaka mwisho.

Kurasa zote kumi na nne zilikuwa kwenye mtandao, wazi kwa kila mtu, kwa kutumia ileile namba. Nilizichapa, nikazisoma jioni tatu mfululizo nikiwa na kamusi. Kuanzia ukurasa wa tisa kulikuwa na sehemu inayosema hasa ni kitu gani kinacholindwa. Haikuwa mchezo. Ilikuwa ni meza: ubao wa umeme wenye taa ndogo chini ya kila mraba, kitufe, na chombo cha ndani kinachowasha taa kumwonyesha mchezaji pa kuweka kila kete. Mtu yule alivumbua meza yenye taa. Programu yangu haikuwa na taa, kitufe chake kilikuwa picha tu kwenye simu, na meza haikuwepo. Na kwenye ukurasa mwingine wa mtandao wa ofisi ya nchi ile kulikuwa na mstari mmoja tu kuhusu hali ya hataza hiyo: ilikwisha nguvu miaka mingi iliyopita, kwa sababu mwenyewe aliacha kulipa ada.

Hata hivyo sikutaka kujiamini mwenyewe. Nilipiga simu ofisi ya usajili wa hataza Dar es Salaam, nikahamishwa mara nne, mpaka nikapata mama mmoja ambaye kwa sauti alionekana ana kazi nyingi lakini anaipenda. Nilimweleza. Alinijibu taratibu, kama mtu aliyejibu jambo hilo siku za karibuni. Hataza ya nchi moja haivuki mpaka, alisema. Kama mtu hakuiomba hapa, hapa haipo. Na hata angeiomba, sheria yetu inasema wazi kwamba kanuni za kucheza michezo si uvumbuzi wa kupewa hataza. Nikiiandika programu mwenyewe, maandishi ya programu ni yangu, hiyo ni hakimiliki. Nisichukue picha za kete za mtu mwingine wala jina la biashara la mtu mwingine, na nikitaka kuisambaza nchi za nje nichunguze kwanza sheria za huko. Nilikuwa naandika kwa kasi. Nilipomshukuru akacheka kidogo.

"Sijui mna nini huko Kagera," alisema. "Wewe ni wa pili kuniuliza habari ya chesi ya kuchanganya. Yule wa kwanza alikuwa wakili."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Akasema hakumbuki tarehe, ila ilikuwa kabla ya sikukuu ya Nane Nane au mara baada yake. Barua yangu ilikuwa ya mwezi wa tisa.

Nilikaa pale na simu mkononi. Kabla ya hapo nilikuwa na hasira na mtu niliyedhani amekosea. Sasa nilijua kwamba alipiga simu, akaambiwa yote niliyoambiwa mimi, akaweka simu chini, kisha akachapa ile barua na kuchagua ukurasa mmoja kati ya kumi na nne.

Wakati huo habari ilishafika Izimbya. Mama mkwe alituita sote Jumapili baada ya misa. Tulikaa sebuleni kwake, yeye, wanawe wawili, mimi, na shangazi yao mmoja aliyekuja kusikiliza. Tulipewa kahawa za kutafuna kama kawaida, kila mtu akachukua zake, lakini sikuona aliyezitafuna. Mama mkwe alisema kwa Kihaya kwamba hajui mambo ya chesi, anachojua ni kwamba mtu haandikiani barua ya muhuri na mke wa ndugu yake, na mke wa ndugu hamfanyi shemeji yake kichekesho mbele ya watu. Alitulaumu wote wawili kwa kipimo kimoja, na hapohapo nikaona kwamba angetaka iishie hapo.

Nikafungua mfuko. Nilitoa zile kurasa kumi na nne nikaziweka mezani, nikaeleza moja moja, meza yenye taa, ada isiyolipwa, sheria ya kwetu. Shemeji alisikiliza mguu juu ya mguu. Nilipomaliza alisema kwamba tafsiri za kisheria hutofautiana, na kwamba wajibu wa mwenyekiti ni kuchukua tahadhari. Alilisema vizuri sana. Mume wangu alianza kuitikia kwa kichwa.

"Shemeji," nilisema, "ulipiga simu Dar es Salaam kabla ya kuniandikia barua, au baada?"

Alitazama kahawa zake kiganjani. Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, maana alielewa swali kabla mwanawe hajajibu.

"Kabla," alisema.

Angeweza kudanganya. Mpaka leo sijui kwa nini hakudanganya. Labda kwa sababu mama yake alikuwepo. Aliweka chini mguu wake akaongea nami moja kwa moja, kwa Kiswahili, bila zile adabu zake za ofisini. Alisema kwamba mimi niliitengeneza ile programu ili nimdhalilishe, nisijifanye kuwa ni kwa ajili ya wanafunzi. Kwamba alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakukifanya kwa ajili ya mtu mwingine. Alilea wadogo, alimlea mama, aliacha masomo ya juu, na usiku wa maisha yake yote alikaa na vitabu vile. Nami kwa likizo moja nikaja kumwonyesha kwamba havina kazi. Ndiyo, alitafuta kifungu cha kunizuia. Angekikosa angetafuta kingine.

Nilimjibu kwamba ni kweli niliitengeneza kwa ajili yake. Hilo sikulikana. Lakini mimi nilimfunga kwenye ubao, na yeye alikwenda kunifunga kazini kwangu, kwenye jalada langu, kwa karatasi aliyojua haina maana. Nikamwambia anikomboe kwa maandishi, kwa mkuu wa shule, kwa muhuri uleule. Mume wangu akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yatosha. Nikamwambia asinishike mkono.

Ndipo shemeji akafungua mkoba wake akatoa lile daftari la klabu. Nilidhani anataka kunikabidhi nilipeleke klabu. Alilifungua nyuma, ambako alikuwa amechora jedwali, akaliweka juu ya kurasa zangu.

"Na programu yako haipangi sawa," alisema. "Mfalme anakaa karibu na pembe mara nyingi mno. Nimehesabu michezo yote tuliyocheza. Nimelinganisha na orodha nzima ya mipangilio. Wewe ni mwalimu wa hesabu, angalia."

Niliangalia, na kadiri nilivyoangalia uso wangu ulipata joto. Nilikuwa nimeandika programu ichague kwanza mraba wa mfalme, wowote kati ya ile sita ya ndani, kisha itafute nafasi za ngome kushoto na kulia kwake. Ilionekana haki. Haikuwa haki. Mfalme akikaa jirani na pembe, ngome ya upande ule ina mraba mmoja tu wa kukaa, kwa hiyo mipangilio ya namna hiyo ni michache, lakini programu yangu iliipa uzito sawa na ile mingi ya katikati. Ilikuwa inamweka mfalme jirani na pembe mara moja katika kila michezo mitatu, ilhali ilipaswa kuwa karibu mara mbili katika kila tisa. Wanachama wote walicheza miezi hiyo yote bila kuona. Mtu pekee aliyeisoma kazi yangu kwa makini, mchezo kwa mchezo, ni yule aliyetaka kuniangamiza.

Sikumwambia kwamba amesema kweli. Nilikunja kurasa zangu nikamwambia nasubiri barua ya mkuu wa shule.

Aliiandika. Ilikuwa na mistari mitatu: kwamba baada ya uchunguzi zaidi ofisi yake haina madai yoyote dhidi ya mtajwa. Hakukuwa na neno la samahani. Mkuu wa shule aliiweka kwenye jalada juu ya ile ya kwanza, na ya kwanza haikuondolewa, kwa sababu kwenye jalada la serikali hakuna kinachoondolewa. Daraja nililopaswa kupanda mwaka ule lilikuja mwaka uliofuata.

Programu niliirekebisha Jumatatu yake, kutoka nakala moja niliyokuwa nimeibakiza kwenye flashi. Njia sahihi ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu: unaweka kwanza maaskofu, kisha malkia, kisha farasi, na miraba mitatu inayobaki unaipa ngome, mfalme, ngome, kwa mfuatano huo. Niliiendesha mara nyingi nikihesabu mpaka nikaridhika. Kisha nikayaweka maandishi yote ya programu wazi kwenye mtandao, mtu yeyote ayachukue, ili asije mwingine akadai ni yake. Kwenye maelezo niliandika kwamba toleo la kwanza lilikuwa na kosa la uwiano. Sikuandika nani aliligundua. Nilifikiria kuandika "mwanachama mmoja wa klabu", nikalifuta.

Shemeji alijiuzulu uenyekiti kwa barua. Sasa ana kundi lake, watu watano sita, wanaokutana ofisini kwake Bakoba na kucheza chesi ya kawaida. Nasikia ana furaha huko na anafunga wote. Fundi cherehani ndiye mwenyekiti wetu, na mikutano inaanza kwa kuchelewa kwa sababu huwa anamalizia kwanza nguo ya mteja.

Krismasi mume wangu huwachukua watoto na kwenda nao Izimbya, mimi hubaki Muleba. Mama mkwe aliniita mara mbili, mara zote niliitikia kwa simu nikasema nina kazi ya kusahihisha. Mara ya mwisho kumwona shemeji ilikuwa benki, Bukoba mjini, kwenye foleni. Alikuwa mtu wa tatu mbele yangu. Aligeuka, akaniona, akageukia mbele. Alipomaliza alipita kando yangu karibu kabisa, na sote wawili tulikuwa tunatazama karatasi tulizoshika.